Shemeji Yangu, Kaimu wa Kudumu

Siku zile, mtu akitaka kujua kama klabu yetu imemfukuza kocha, hakuwa na haja ya kununua gazeti. Ilitosha kupita kwenye geti la uwanja na kutazama meza ya fundi viatu. Ukimkuta fundi na aproni yake, misumari midogo ameibana midomoni, basi kocha bado yuko kazini. Ukikuta meza imefunikwa turubai, kocha ameshamwaga unga, na fundi yuko ndani ya uwanja na filimbi shingoni.

Fundi huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Jina alilopewa na wazazi wake hulitumia hospitali tu. Mtaani kote anaitwa Kaimu. Ujanani aliichezea timu hiyohiyo, beki wa kushoto mwenye bidii kuliko kipaji, jambo ambalo yeye mwenyewe hulikiri akiwa na furaha na kulikana akiwa na hasira. Goti lilipomgomea, alijifunza kushona viatu kwa mzee aliyekuwa akiitengenezea timu njumu zake, na mzee alipochoka, meza ikawa yake. Akatulia pale getini, akashona, akaoa, akapata mapacha, akanenepa kidogo. Maisha yake yangekuwa ya kawaida kabisa kama meza ile isingekuwa chini ya dirisha la chumba cha mikutano.

Mimi ni karani wa klabu. Naandika barua, nachemsha chai ya vikao, siku za mechi nauza tiketi dirishani. Nimekaa pale kuliko makocha wote, jambo ambalo si la kujivunia, maana hata kiti cha plastiki cha mlinzi kimekaa pale kuliko makocha wote. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na birika mkononi.

Chumba cha mikutano kiko ghorofani, juu ya chumba cha kubadilishia nguo, na kinanuka dawa ya misuli hata ukifungua madirisha yote. Ndani kuna meza ndefu iliyonunuliwa bila mtu kupima chumba. Viti vinaingia kwa shida, na aliyekaa mwisho ukutani hawezi kutoka mpaka wenzake wote wasimame. Wakubwa wetu walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa muuza magodoro. Makamu wake alikuwa na kituo cha mafuta. Mweka Hazina alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sote tulimwita Mwalimu Mkuu. Katibu alikuwa wakili. Siku moja Mwenyekiti alikuja na kipande cha godoro, akakiweka kwenye kiti chake, akawa mrefu kuliko wenzake. Kikao kilichofuata Makamu naye akaja na kipande chake, kinene zaidi. Mwalimu Mkuu alisema huo ni utoto, kisha mara iliyofuata akaja na mito miwili. Wakaendelea kupanda hivyo hivyo mpaka magoti yakawa yanagonga meza, na mimi kuwapa chai ikabidi ninyooshe mikono juu.

Watu hao wanne walikuwa na sheria yao. Zamani klabu iliwahi kugawanyika pande mbili, kila upande ukatia kufuli lake getini, na timu ikabaki nje siku ya mechi. Baada ya aibu ile wakakubaliana kwamba hakuna jambo litakalopita mpaka wote wanne waafiki. Kwa maneno ni sheria nzuri. Kwa vitendo, paa la jukwaa lilivuja miaka nenda miaka rudi kwa sababu wawili walitaka bati na wawili walitaka vigae. Jezi zilipauka mpaka namba sita na namba nane zikawa hazitofautiani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na rangi yake. Jambo moja tu liliwaunganisha, nalo ni kumfukuza kocha. Hapo mikono minne ilipanda kwa pamoja, bila mjadala, kama watoto wa darasa la kwanza wakiulizwa nani anataka kwenda nyumbani.

Wakishafukuza, walirudi kwenye hali yao. Kila mmoja alikuwa na kocha wake wa kumleta, na hakuna aliyemkubali wa mwenzake. Mechi nayo haingoji. Ndipo Mwenyekiti alipofungua dirisha, akatazama chini, akamwita shemeji yangu apande juu. Hawakumchagua kwa uwezo. Walimchagua kwa sababu hakuwa mtu wa yeyote kati yao, na kwa sababu akiitwa kutoka dirishani alisikia.

Sitatia chumvi niseme alikuwa kocha wa ajabu. Mbinu yake ilikuwa moja: kaba kwanza, mengine baadaye. Mazoezini alizungumza zaidi kuhusu viatu kuliko kuhusu mpira. Wakati wa mechi hakuweza kukaa. Alitembea kando ya mstari akiipiga hewa mateke, akacheza dakika zote kwa miguu yake mwenyewe, akarudi nyumbani amechoka kuliko wachezaji. Lakini wachezaji walimpenda kwa sababu alimwambia kila mtu ukweli usoni, na timu ikiwa mikononi mwake ilipata pointi mbili tatu za kupumulia. Ikishapumua tu, wakubwa walibishana mpaka wakachokana, kocha mpya akaletwa kwa mbwembwe, na Kaimu akaambiwa asante, rudi mezani kwako.

Hiyo asante ndiyo iliyokuwa inamuuma. Kaimu hafukuzwi. Anashukuriwa tu, kama mtu aliyekushikia mzigo ukifunga kamba za kiatu. Shemeji yangu alitaka kitu kimoja duniani, na alikisema waziwazi kwa mke wake, kwangu, na kwa wateja waliokuja kushonewa kandambili: aajiriwe kocha, kwa azimio la kikao, bila lile neno mbele. Haikuwa habari ya mshahara, maana viatu vilimlisha. "Nataka mara moja tu waketi, wanitazame, waseme tunamtaka huyu," aliniambia. Dada yangu alimtania kwamba akitaka kutazamwa akae sebuleni, yeye atamtazama bure. Kaimu alicheka, lakini nia yake hakuiacha.

Msimu ninaousimulia tulikuwa hoi. Kocha aliyekuwepo alikuja na kompyuta ndogo na mabegi mengi, akaanza kwa kuwapiga marufuku wachezaji kula mkate, akaishia kufungwa na kila aliyekuja. Mikono minne ikapanda, dirisha likafunguliwa. Kaimu akakaba na kukaba mpaka ikabaki mechi moja. Tukipata sare tunabaki daraja. Tukifungwa tunashuka, na klabu yenye umri mkubwa kuliko wakubwa wake wote inakwenda kucheza na timu za mitaani. Wiki hiyohiyo Katibu akaleta habari kwamba kampuni iliyotaka kutudhamini haitaki kusikia mambo ya kukaimu. Inataka kocha aliyeajiriwa. Kikao kikaitishwa Alhamisi, mechi ikiwa Jumamosi.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu wachezaji wa viti. Kila mkubwa alikuwa na mchezaji wake kwenye timu. Mwenyekiti alikuwa na mpwa wake, kipa mrefu aliyeogopa kuchafua jezi. Makamu alikuwa na mshambuliaji aliyemposa binti yake. Mwalimu Mkuu alikuwa na beki aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye mpaka leo huweka mikono nyuma akizungumza naye. Katibu alikuwa na mpangaji wake, kiungo mwenye mguu mzuri na usingizi mzito. Hawakuwa watu wabaya. Ila hawakuwahi kuambiwa kwamba kuna siku mtu hapangwi, na makocha wote waliowapanga walifukuzwa vilevile.

Jumatano, nikiwa ofisini nafunga bahasha, nilimwona Mwenyekiti anatoka nje na kiatu kimoja kwapani, soksi inakanyaga changarawe. Kiatu chenyewe kilikuwa kipya, na soli ilionekana wazi kwamba imebanduliwa kwa mkono. Alisimama mbele ya meza ya Kaimu, na mimi nikasikia kila neno, kwa sababu dirisha langu liko karibu na kwa sababu nilinyamaza ili nisikie.

"Jumamosi mpwa wangu akae golini," Mwenyekiti alisema, "na mimi kesho kikaoni nitakutaja wewe. Si kaimu. Kocha."

Kaimu alitoa misumari mdomoni. "Hapana, Mwenyekiti. Golini atakaa aliyedaka vizuri mazoezini."

Mwenyekiti akacheka, akampigapiga begani. "Ndiyo maana nakupenda, hujirahisishi," akasema, akarudi zake na soksi moja.

Ni lazima uwe umekaa kwenye chumba kile ili uelewe kicheko hicho. Mle ndani hakuna aliyewahi kukubali jambo mara ya kwanza. Mtu alikataa kwanza ili abembelezwe, kama anavyokataa kiti mgeni mwenye adabu. Kwa hiyo mtu akikataa na kumaanisha, masikio yao hayakuwa na mahali pa kuliweka neno lile.

Baada ya chakula cha mchana alishuka Makamu, naye ana kiatu. Akafuata Mwalimu Mkuu na kiatu alichokikata kamba kwa mkasi wangu, bila hata kunirudishia mkasi. Jioni alikuja Katibu, ambaye kwa uwakili wake alileta vyote viwili ili asionekane anapendelea mguu. Wote waliomba kitu kilekile, wote wakaahidi kitu kilekile, na wote walijibiwa hapana, kwa upole na kwa sababu zilezile. Wote wakacheka na kumpiga begani. Kaimu akabaki amezungukwa na viatu vya wakubwa, na bega linamuuma.

Kikao cha Alhamisi kilianza kama kawaida, kwa kubishana kuhusu nani akifungue. Kisha Mwenyekiti akakohoa, akasema yeye kwa upande wake anapendekeza Kaimu aajiriwe kocha. Nikashika birika vizuri, nikingoja ugomvi. Makamu akasema hata yeye alikuwa na wazo hilo. Mwalimu Mkuu akasema hana pingamizi, tena ana furaha. Katibu akauliza kama kuna mtego mahali, akaambiwa hakuna, akasema basi naye yumo. Wakatazamana wanne wale juu ya mito yao, wamepigwa butwaa. Tangu nianze kazi sikuwahi kuwaona wakiafikiana kumleta mtu. Wakafunga kikao haraka kabla hajatokea wa kubadili mawazo, wakasimama wote mara moja, na meza ikawabana.

Sikuwa nimeosha vikombe bado walipoanza kupita mezani kwangu, mmoja mmoja. Kila mmoja alininong'oneza kwamba nisimwambie mtu, lakini mpango huu ameusuka yeye, maana yeye na Kaimu wanaelewana. Wa kwanza aliponiambia nilitabasamu. Wa mwisho alipofika nilikuwa nimeshaelewa yaliyotokea. Watu wanne walikuwa wamemnunua mtu mmoja ambaye hauzwi, kila mmoja akiamini yuko peke yake sokoni.

Kaimu alipewa habari, akapanda ngazi na aproni yake, akawashika wakubwa mikono, akashuka, akakaa mezani kwake bila kushona chochote. Nilipomfuata, macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji," aliniambia, "niliwaambia hapana wote wanne, na bado wamenichagua. Watu hawa tumewasema vibaya bure."

Mimi si mtu wa kumeza maneno, muulizeni yeyote, lakini siku ile nilirudi kuosha vikombe. Jioni nilimkuta dada yangu anakunja nguo, nikamweleza yote. Alikunja shati lilelile, akalikunjua, akalikunja tena. Nikamuuliza tumwambie au tunyamaze. Akasema jambo lenyewe litamfikia tu, wala halitachelewa, kwa nini sisi tuwe matarishi wake. "Mwache alale kocha," alisema. Basi nikamwacha, na shemeji yangu akatembea mtaani kama mtu aliyevaa kiatu kipya kisichobana.

Lilimfikia Jumamosi, chini ya kile chumba cha mikutano. Chumba cha kubadilishia nguo kina mabenchi mawili, misumari ya kutundikia mashati, bomba linalotoa maji likitaka, na ubao mweusi. Nilikuwa nimepeleka maji ya kunywa. Wachezaji walikuwa wanafunga njumu, na Kaimu alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, hajaandika jina hata moja. Makamu akaingia na mpiga picha. Alitaka mkwe wake mtarajiwa apigwe picha na wenzake wanaoanza. Kaimu akamwambia, kwa upole, kwamba mkwe wake leo ataanzia benchi.

Makamu akatabasamu. "Si tulielewana, Kocha?"

"Nilikuambia hapana, mzee."

"Ulisema hapana," Makamu akakubali, bado anatabasamu, "lakini tulielewana."

Kaimu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui alisoma nini usoni kwangu. Akaniuliza, "Na wale wengine?"

"Wote, shemeji," nikamjibu.

Aliketi kwenye benchi, na chaki ikamvunjikia mkononi. Niliumia, nasema wazi. Mtu aliyengoja nusu ya umri wake kutazamwa ndiyo kwanza anagundua kwamba hakuna aliyemtazama. Kila mmoja alijitazama mwenyewe. Na ubaya ni kwamba nafasi bado ilikuwepo. Ubao ulikuwa mtupu. Angeandika majina manne tu, ukocha ungekuwa wake kwa miaka, wakubwa wangejipongeza, na pengine hata hiyo sare tungeipata. Makamu alisimama pale bila hasira, anangoja kama mtu anayengoja chenji yake.

Kaimu akainuka. Akachukua kipande kilichobaki, akaandika kuanzia golini: kipa mfupi aliyedaka vizuri mazoezini, kisha mabeki, kisha viungo, kisha washambuliaji. Wa viti hakuwemo hata mmoja. Akawageukia wachezaji wale wanne, ambao walikuwa wameinamisha vichwa. "Ninyi si wabaya," aliwaambia. "Wiki hii wenzenu walikuwa bora. Msimu ujao nilazimisheni nibadili mawazo." Makamu akatoka na mpiga picha wake bila picha.

Mechi yenyewe haikuwa ya kusimulia wajukuu. Wapinzani walitufunga mapema. Mimi nilikuwa nimefunga dirisha la tiketi, nimesimama chini ya jukwaa, nawaona wakubwa vizuri. Kila mmoja alikuwa ameshaona kwamba mtu wake yuko benchi. Sasa kila mmoja alikuwa anatafuta uwanjani mchezaji wa mwenzake, ajue ni nani aliyemzidi ujanja. Walitafuta kipindi chote cha kwanza. Kisha nikawaona wanageuziana shingo pole pole, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Bao letu lilikuja kipindi cha pili. Mpira wa kona ulimgonga ugoko beki wetu wa kati aliyekuwa anatazama upande mwingine, ukaingia. Baada ya hapo tulikaba kufa kupona. Kaimu kando ya mstari alicheza namba zote, akaruka vichwa, akatelezea mipira isiyokuwepo, mpaka mwamuzi akamwonya kwa kuingia uwanjani. Kipa mfupi alidaka mipira iliyodakika na miwili isiyodakika. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wazima walikumbatiana na watu wasiowajua, na mimi nikajikuta nimemkumbatia mlinzi, ambaye hatusemezani naye. Kaimu alibebwa juujuu. Wakubwa walishushwa jukwaani kupigwa picha naye, wakatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kumfukuza Jumatatu wasingeweza. Mashabiki wangeezua na kile kipande cha paa kilichobaki. Tena ingebidi kila mmoja awaeleze wenzake kwa nini alimpigia kura. Hivyo wakanyamaza, na ukawa mwaka wake.

Ulikuwa mwaka mzuri, wa katikati ya msimamo, bila kombe na bila presha. Mpangaji wa Katibu alinunua saa ya kengele, akaanza kuwahi mazoezi, akapata namba kwa haki yake, na Katibu akatembea kifua mbele kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Watu walimwita shemeji yangu Kocha, na yeye aliitika. Lakini namjua. Mara nyingine nilimkuta mezani, maana viatu hakuviacha, anatazama ukuta. "Hiki cheo nimekiokota," aliniambia siku moja. "Walimdondoshea mtu mwingine."

Hata hivyo aliendelea kuwa yeye. Mwenyekiti alitaka wachezaji waingie uwanjani wamebeba godoro jipya; Kaimu akasema hapana. Makamu alitaka mazoezi yafanyike kwenye kituo chake cha mafuta, wateja waone, hapana. Mwalimu Mkuu alitaka awahutubie wachezaji wakati wa mapumziko, na hotuba aliyoiandika ilikuwa ndefu kuliko mapumziko yenyewe, hapana. Mwanzoni walicheka na kumpiga begani kama zamani. Kisha kicheko kikawa kifupi. Kisha bega likaachwa lipumzike.

Msimu ukielekea ukingoni, wakamwita ghorofani. Mimi nilikuwa namimina chai. Mwenyekiti akasema wamekaa, wameafikiana wote, na wameona kwamba kuanzia sasa kikosi kiwe kinaletwa kwao siku moja kabla ya mechi, wao wakipitie na kukipitisha.

"Hapana," Kaimu akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akainama kutoka juu ya godoro lake. "Unasema hapana?"

"Nasema hapana, Mwenyekiti."

"Hapana kabisa?" akauliza Katibu.

"Kabisa."

Nimewapa watu wale chai miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mle ndani anauliza swali kisha anangoja jibu. Walimwambia atoke nje kidogo. Hakwenda mbali, alisimama ngazini. Mikono minne ikapanda. Nilitumwa nikamwite, na sikuwa na sura ya kumtazama nayo, lakini yeye aliingia, akawashika mikono mmoja mmoja, akawashukuru kwa dhati. Makamu alijifuta kiganja kwenye suruali, akimtazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Mechi zilizobaki Mwenyekiti ndiye aliyesimama kando ya mstari, na suti yake, maana wa kukaimu alikuwa hayupo tena. Sitasema matokeo.

Nilimsindikiza shemeji nyumbani, nikijiandaa kumfariji, na njia nzima nilikuwa namkimbilia kwa nyuma kwa alivyokuwa anatembea haraka. Dada yangu alikuwa jikoni anapakua wali.

"Nimefukuzwa," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari kwamba mtoto amezaliwa salama.

Dada alinitazama mimi kwanza, ahakikishe mume wake hajapatwa na kitu kichwani. Kisha akamuuliza ni kwa kosa gani.

"Kusema hapana." Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono yote miwili mezani. "Mwaka jana niliwaambia hapana, wakaniajiri. Leo nimewaambia hapana, wamenifukuza. Wote wanne, mke wangu, hakuna aliyenitetea hata mmoja. Waliketi, wakanitazama, wakasema hatumtaki huyu. Safari hii wamenisikia."

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka naye, halafu machozi yakanitoka kweli, ya furaha, kwa sababu sikuwahi kumwona shemeji yangu akikaa vile, mgongo wote umeegemea kiti. Alikula sahani yake, akaimaliza, akaomba aongezewe wali.